Tilti ni nini? Akili ya mcheza poka kama filamu zinavyoionyesha

Tilti ni hali inayompata mcheza poka pale hisia zinapomzidi hadi akaacha kucheza kwa akili. Hesabu anazijua, karata ya kutupa na ya kushika anaijua, ila kwa muda huo ujuzi wote umemtoka. Mara nyingi huanza na kipigo kimoja kinachouma: amepata karata nzuri, amecheza inavyotakiwa, kisha mtu aliyekuwa akicheza hovyo anaangukiwa na karata moja ya mwisho na kuzoa dau lote. Kuanzia hapo hachezi tena ili ashinde. Anacheza ili arudishiwe kilicho chake.

Neno lenyewe limetoka kwenye mashine za pinball, zile za kurusha gololi chini ya kioo. Mchezaji akiitikisa au kuiinamisha mashine kwa nguvu ili gololi isidondoke, mashine hujifunga na mchezo wake huishia hapo. Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema jamaa amepandwa na mori, au kichwa kimechemka. Waliozoea kubeti mpira wanaijua hali hiyo hata kama hawajawahi kuiona meza ya poka: mkeka umechanika dakika ya 90, na kabla ya kulala mtu ameshaweka mwingine, safari hii kwa hela ya kodi ya nyumba.

Nimeanza na tilti kwa sababu filamu nyingi za poka hutufundisha kwamba saikolojia ya mchezo huu imeandikwa kwenye uso wa mpinzani. Mimi naamini sehemu kubwa zaidi imo ndani ya yule anayeutazama uso huo, na filamu bora za aina hii zinalijua jambo hilo hata pale zinapojifanya kuzungumzia jingine.

Tuelewane kidogo kuhusu mchezo, maana msomaji wa Nairobi akisikia poka anaweza kufikiria ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambao Watanzania wanauita lasti kadi. Poka ninayoizungumzia ni ya Kimarekani, hasa ile iitwayo Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, tano nyingine zinafunuliwa katikati ya meza kwa awamu, na kila mmoja anachagua tano bora kati ya hizo saba. Kati ya awamu na awamu watu wanaweka pesa. Dau linaliwa kwa njia mbili: kuwa na karata kubwa kuliko wenzako, au kuwapiga mkwara mpaka wote watupe za kwao. Aliyefanikiwa kupiga mkwara halazimiki kuonyesha alichokuwa nacho, na hapo ndipo mashaka yanapozaliwa. Yule aliyetupa karata hatajua kamwe kama alifanya busara au aliibiwa mchana kweupe.

Kutokana na mashaka hayo watu wakaanza kutafuta ishara za kujisaliti, yaani tabia ndogo ya mwili inayofichua karata za mtu bila yeye kujua: mkono unaotetemeka, pumzi inayokatika, jicho linalozitazama haraka mno tokeni za kuchezea, vile vipande vinavyowakilisha pesa mezani. Mwaka 1984 Mmarekani Mike Caro alizikusanya katika kitabu kizima, na kanuni yake kubwa ni kwamba mchezaji wa kawaida huigiza kinyume cha hali yake. Mwenye karata dhaifu hujitutumua, mwenye karata nzito hujifanya mnyonge.

Filamu ilizipenda ishara hizi mara moja, na sababu yake naiona ya kiufundi. Kamera haiwezi kuingia kichwani mwa mtu, lakini inaweza kusogelea kope la jicho mpaka likajaza skrini.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Rounders, filamu ya mwaka 1998 iliyoongozwa na John Dahl. Matt Damon ni Mike McDermott, mwanafunzi wa sheria mwenye kipaji cha poka. John Malkovich ni Teddy KGB, Mrusi mwenye klabu ya siri ya karata jijini New York, ambaye mwanzoni mwa filamu anamla Mike dola 30,000 kwa mgawo mmoja tu. Katika pambano la mwisho KGB ana biskuti za Oreo mbele yake. Namna anavyoipasua biskuti karibu na sikio, na kama anaila au haili, vinamwambia Mike kama KGB ana karata kweli au anapiga mkwara tu. Mike anapewa karata nzuri, anasoma biskuti, anazitupa huku akimtajia mpinzani alichonacho. KGB anachachamaa na kuzirusha biskuti zake.

Watazamaji wengi huondoka wakiikumbuka biskuti. Wacheza poka wenyewe wamelilalamikia tukio hili kwa miaka: ukishaijua siri ya mpinzani wako si unyamaze, uitumie usiku kucha? Lakini filamu inatoa jibu, na jibu hilo ndilo moyo wa mada yetu. Mike ana deni la kulipa kabla ya asubuhi. Hana muda wa kumla KGB kidogo kidogo, kwa hiyo anaitoa mhanga ile siri ili amvuruge mtu. Baada ya biskuti kuruka, KGB hachezi tena karata, anapigania heshima yake. Mike anapata karata tano zinazofuatana mapema kabisa, anapiga kimya kama asiye na kitu, na KGB anasukuma kila alichonacho katikati ya meza. Ishara ilikuwa ufunguo tu. Mlango uliofunguka ni tilti.

Mtego huo wa mwisho haukubuniwa na waandishi wa filamu. Ndani ya Rounders tunamwona Mike akitazama mkanda wa fainali halisi ya Mashindano ya Dunia ya Poka ya mwaka 1988, ambapo Johnny Chan alipata karata tano zinazofuatana, akanyamaza, na kijana aliyeitwa Erik Seidel akajitumbukiza na pesa zake zote kwa jozi ya malkia. Mamilioni ya watu wanamfahamu Seidel kama yule aliyenaswa kwenye ile filamu. Mimi naona ametendewa visivyo, kwa kuwa baada ya hapo alikaa juu ya mchezo huu kwa miongo mitatu na zaidi, akikusanya ubingwa mmoja baada ya mwingine. Maria Konnikova, mwandishi mwenye shahada ya uzamivu ya saikolojia, alipotaka kujifunza poka kuanzia sifuri alimwendea yeye, na akaeleza safari hiyo katika kitabu cha mwaka 2020. Jambo lililonikaa zaidi humo ni kwamba Seidel alikuwa hapendi kusikiliza malalamiko ya bahati mbaya. Mwanafunzi akianza kusimulia jinsi alivyoonewa na karata ya mwisho, alirudishwa kwenye swali moja: ulifikiri nini ulipofanya uamuzi? Hiyo ndiyo tiba ya tilti, kuisahau karata iliyokuumiza na kuyachunguza mawazo yako. Lakini ni tiba ngumu kuitengenezea filamu.

Kuhusu uso, sayansi imeweka shaka kubwa. Mwaka 2013 mtafiti Michael Slepian na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa video za wachezaji wa Mashindano ya Dunia wakiweka pesa, kisha wakaulizwa nani ana karata nzuri. Waliotazama nyuso peke yake walikosea kuliko mtu anayebahatisha. Waliotazama mikono tu, jinsi inavyosukuma tokeni, walipatia kuliko kubahatisha. Wataalamu wameshajifunza kuudanganyisha uso, ila mkono unaotembea kwa ulaini au kwa kusitasita bado unasema kitu. Na ni nadra mwongozaji wa filamu kuiacha sura ya nyota aliyemlipa mamilioni ili atuonyeshe kiwiko chake.

Baadhi ya filamu zimekwenda mbele zaidi na kuigeuza ishara yenyewe kuwa chambo. Katika House of Games ya David Mamet, mwaka 1987, daktari wa magonjwa ya akili anaombwa amtazame mcheza poka mmoja: akichezea pete yake, basi anadanganya. Anaiona pete ikizungushwa, anafurahi kwamba elimu yake imefanya kazi, na kumbe meza nzima ni ya matapeli na pete ilizungushwa kwa ajili ya macho yake. Kilichomponza ni hamu ya kujiona mjanja. Nadhani hakuna filamu iliyoeleza vizuri zaidi kwa nini watu werevu hutapeliwa.

Casino Royale ya mwaka 2006 inafanya hivyo hivyo kwa James Bond. Anaamini ameinasa ishara ya Le Chiffre, mtu ambaye jicho lake hutoa machozi ya damu. Le Chiffre anajua kwamba anatazamwa, anaitumia ishara ile ile kama mtego, na Bond anapoteza kila kitu. Kinachofuata ndicho ninachopenda watu wakitazame upya. Bond anaomba pesa nyingine, ananyimwa, kisha anachukua kisu mezani na kumfuata Le Chiffre ili amuue. Jasusi aliyefundishwa kutulia, ambaye pesa anazochezea hata si zake, yuko tilti waziwazi, na asingezuiwa na jasusi wa Kimarekani aliyemwahidi mtaji, kazi nzima ingeharibika. Mgawo wa mwisho, ambao dau lake ni dola milioni 115 na Bond anashinda kwa shupaza tano kuanzia 4 mpaka 8, unawafurahisha watu lakini hauna saikolojia yoyote. Karata kubwa kiasi hicho hujicheza zenyewe. Katika karata tano za kugawiwa, mfuatano wa aina moja hutokea takribani mara 1 katika 65,000, na filamu zinautumia kana kwamba upo kila Jumamosi.

Ukitaka kuiona tilti ikianza na kukua mbele ya macho yako, tazama Molly's Game ya Aaron Sorkin, mwaka 2017, inayotokana na maisha ya Molly Bloom aliyekuwa akiandaa meza za siri za matajiri Los Angeles na New York. Humo kuna mchezaji aitwaye Harlan, mtu mzima, mstahimilivu, anayesubiri karata zake na kuondoka na faida ndogo usiku baada ya usiku. Mezani yupo pia Brad, mchezaji mbovu kuliko wote. Brad anaongeza dau, na Harlan, akiamini kwamba mtu asiyejua mchezo hawezi kupiga mkwara, anatupa karata zilizokuwa zinashinda. Kisha anaonyeshwa karata za Brad.

Hapigi kelele wala hatoi machozi. Ananyamaza, anacheza mgawo ambao jana asingeucheza, halafu mwingine, anaomba mkopo, anaomba tena. Mwigizaji Bill Camp anaifanya sura ibadilike polepole kama ukuta unaonyonya maji. Kinachoumiza ni kwamba Harlan hakupoteza pesa nyingi pale mwanzo. Alipoteza picha aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe, ya mtu makini asiyechezewa, na hiyo ndiyo anayoifukuza mpaka kunakucha. Molly anamwona, anajua kinachoendelea, na meza inaendelea kwa sababu ni biashara yake. Filamu chache zimekuwa na ukweli wa kuonyesha kwamba tilti ya mmoja ni mavuno ya wengine waliokaa kimya kuizunguka meza.

Swali linalobaki ni nini hutokea mtu akirudishiwa vyote. California Split ya Robert Altman, ya mwaka 1974, inalijibu. Bill, anayechezwa na George Segal, ana deni linalomnyima usingizi. Anauza vitu vyake, anaunganisha fedha na rafiki yake Charlie, na wawili hao wanakwenda Reno. Kwenye meza ya poka anakaa na Amarillo Slim, bingwa halisi wa dunia wa mwaka 1972, aliyejiigiza mwenyewe. Bill anashinda hapo, anashinda kwenye michezo mingine, anashinda mpaka Charlie anaruka kwa furaha. Halafu tunamkuta amekaa peke yake, amechoka, noti zikigawanywa. Anamwambia rafiki yake kwamba hakuhisi kitu chochote cha pekee. Anachukua fungu lake na kwenda nyumbani.