Upasuaji wa mfuko wa nyongo kwa mzee: matundu au kufungua tumbo?

Mawe yakiziba mfuko wa nyongo, mtu huumwa chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta, tuseme biriani au viazi karai. Kwa mzee dalili huwa hafifu: homa haipandi, tumbo haliumi sana, ila anakataa chakula na kuanza kuchanganyikiwa. Wengi hufikishwa hospitali mfuko umeshavimba na kugandamana na utumbo.

Upasuaji wa kuutoa mfuko kwa kufungua tumbo huhitaji mkato wa sentimita 10 hadi 20 chini ya mbavu. Ule wa matundu kwa kawaida hutoboa manne: moja la milimita 10 hivi kitovuni kwa ajili ya kamera, na mengine ya vifaa. Yote mawili hufanywa kwa nusukaputi.

Familia nyingi husema mzee wetu haiwezi ile ya mashine, yaani ya matundu, bora afunguliwe. Mara nyingi ni kinyume. Mkato wa mbavuni huuma kila akivuta pumzi, kwa hiyo hupumua juu juu, huogopa kukohoa, makohozi hulala mapafuni na nimonia huingia. Akitobolewa matundu, aghalabu huketi na kutembea siku ile ile au kesho yake. Umri peke yake si kizuizi.

Hatari ya matundu ni gesi. Kaboni dioksaidi inayojazwa tumboni husukuma kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) juu na kupunguza damu inayorudi moyoni. Shinikizo la kawaida ni milimita 12 hadi 15 za zebaki. Kwa mwenye moyo dhaifu hushushwa hadi 8 au 10, na gesi huingizwa polepole.

Kabla ya kukata, daktari lazima aone wazi vitu viwili tu vikiingia kwenye mfuko: mrija wake na mshipa wake wa damu. Asipoviona, kwa sababu ya makovu, huacha njia ya matundu na kufungua tumbo, maana kukata mrija mkuu wa nyongo kimakosa ni balaa. Huko si kushindwa. Fomu ya ridhaa itaje njia zote mbili, na daktari aambiwe mapema kama mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, msizisimamishe wenyewe.

Akisharudi nyumbani, macho yakigeuka manjano, homa ikipanda au tumbo likizidi kuuma, huenda nyongo inavuja. Hata kama mnakaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na ni usiku, vukeni feri mwende hospitali, msingoje kuche.