Boti zaidi haziongezi samaki: dhana tunazozibeba kwenye miradi ya bahari Tanga

"Tukipatiwa boti kumi za fiba na injini zake, mavuno yataongezeka." Sentensi hii, au inayofanana nayo, imo karibu katika kila andiko la mradi wa uvuvi ninaloletewa nilipitie, liwe la kikundi cha kijiji cha Kigombe, la asasi ya mjini Tanga au la mwanafunzi wa shahada ya pili ya masomo ya maendeleo. Nimeshachoka kuijibu kwa mtu mmoja mmoja. Naijibu hapa, pamoja na nyingine chache zinazoongozana nayo.

Wanaoiandika wana sababu. Wavuvi wengi wa ukanda huu bado wanatoka na mtumbwi au ngalawa, hawafiki mbali, na kusi likivuma wanakaa pwani. Mpe mmoja wao chombo kikubwa, atarudi na samaki wengi zaidi. Kwa mvuvi mmoja ni kweli kabisa. Kosa linaanza pale tunapochukua faida ya mmoja na kuizidisha kwa idadi ya wote, kana kwamba kila mtu ana bahari yake.

Tupige hesabu, maana hapa maneno matupu hayatoshi. Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliandika mlinganyo wa viumbe wanaoongezeka upesi wakiwa na nafasi, kisha kasi yao ikapungua kadiri wanavyokaribia ukomo wa chakula na makazi. Mwaka 1954 Milner Schaefer aliutumia kwenye uvuvi, na mwaka huohuo mchumi H. Scott Gordon akaeleza gharama na faida zinavyoingia humo. Ukijua kuzidisha na kutoa, unaweza kuufuata.

Chukua mwamba wa matumbawe wa kubuni, usio wa Tanga wala wa popote. Unaweza kubeba tani 1,000 za samaki, kasi yao ya juu ya kuongezeka ni asilimia 40 kwa mwaka, na kila boti huondoa asilimia 1 ya samaki waliopo kwa mwaka. Boti 10 zikivua hapo kwa muda mrefu, samaki wanatulia kwenye tani 750 na mavuno ni tani 75 kwa mwaka, yaani tani 7.5 kwa boti. Zikiwa 20, samaki wanabaki tani 500 na mavuno yanafika tani 100, tani 5 kwa boti. Hicho ndicho kilele. Zikiwa 30, samaki wanashuka hadi tani 250 na mavuno yanarudi kuwa tani 75 zilezile za boti 10, isipokuwa sasa kuna injini 30 za kulisha mafuta na kila boti inaambulia tani 2.5. Zikiwa 36, kila boti inapata tani moja. Zikiwa 40, mwamba umekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Tuseme diko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, lina boti 20 na mradi unaleta 10. Mwaka wa kwanza mavuno yanaruka kutoka tani 100 hadi kama 150, kwa sababu boti mpya zinakuta samaki wa zamani bado wapo. Picha zinapigwa, mgeni rasmi anakabidhi funguo, kila mtu anafurahi. Mwaka wa pili ni tani 135, wa tatu 124. Miradi mingi inafungwa hapo, kwenye mwaka wa tatu, na ripoti ya mwisho inasema mavuno yameongezeka kwa asilimia 24. Ripoti haijadanganya hata tarakimu moja. Lakini mavuno yanaendelea kushuka kila mwaka, na kwenye mwaka wa nane yanapita chini ya zile tani 100 za mwanzo, wakati hakuna tena mtathmini wa kuja kuuliza. Wanaobaki na boti 30 na deni la mafuta ni watu wa diko.

Tazama pia mavuno kwa boti katika miaka hiyohiyo. Mwaka wa kwanza ni tani 5, wa tatu ni 4.1, wa nane ni 3.2. Jumla ilipokuwa bado inapendeza, kila boti ilikuwa imeshaanza kupata kidogo. Ndiyo maana naomba, na nitaendelea kuomba mpaka nisikike: acheni kuniletea jumla ya kilo peke yake. Nileteeni daftari la diko. Safu chache zinatosha: tarehe na hali ya maji, kama ni bamvua au maji mafu; chombo na zana, kama ni mshipi, jarife au madema; saa alizokaa majini; mahali alipovua; lita za mafuta; kilo kwa kila aina kubwa ya samaki. Na muhimu kuliko zote, waandikeni waliorudi mikono mitupu. Hao karani huwaruka kwa sababu hawana cha kuweka kwenye mzani, halafu wastani wa diko zima unaonekana mzuri kuliko ulivyo. Ukiweza, chukua changu 30 wa siku hiyo na rula, pima kutoka mdomoni hadi kwenye panda ya mkia. Urefu ukipungua mwaka hadi mwaka, diko linakula samaki ambao hawajazaa.

Daftari nalo linahitaji akili ya kulisoma. Huko Newfoundland, Kanada, meli kubwa ziliendelea kupata samaki wengi wa aina ya kodi (cod) kila zilipotupa nyavu, kwa kuwa samaki waliobaki walijikusanya pamoja na vifaa vya kuwatafuta vilikuwa vimeboreshwa. Takwimu hizo zilichangia kuwafanya wataalamu waone akiba ni kubwa kuliko ilivyokuwa. Julai 1992 serikali ilisimamisha uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Kwa hiyo safu ya mahali na ya mafuta si mapambo. Mvuvi wa Sahare, hapa Tanga, anayerudi na kilo zilezile baada ya kwenda mbali mara mbili amepata samaki pungufu, hata kama mzani haujui.

Na baruti? Baruti ni hasara ya aina nyingine. Boti nyingi hupunguza samaki waliopo mwambani. Baruti inapunguza zile tani 1,000 ambazo mwamba unaweza kubeba, kwa kuwa matumbawe yaliyovunjika hugeuka vifusi vinavyoviringishwa na mawimbi, na matumbawe machanga hayapati pa kushika. Mvuvi akiacha kuvua, samaki wanaweza kurudi ndani ya miaka michache. Mwamba uliosagwa hausubiriki hivyo.

"Samaki hawajaisha, wamehama." Kwa nguru na jodari kuna ukweli, hao ni wasafiri na misimu ya kaskazi na kusi huwabadilisha. Changu na chewa wa mwambani hawaendi mbali. Chewa ana jambo la kutisha zaidi: wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Diko linalotoa wakubwa wote linaondoa madume. Wala usitumie kasi moja ya kuongezeka kwa wote. Tasi na pweza hukua upesi, ndiyo maana kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache huleta matokeo yanayoonekana. Chewa ukimfungia miezi mitatu hujamfanyia chochote.

"Hizo ni hesabu za darasani, hazijui bahari." Hili nalisikia kwa wavuvi, nalisikia kwa madiwani, na inasikitisha zaidi likitoka kwa wahitimu. Moja ya milinganyo maarufu zaidi ya ikolojia ilizaliwa kutokana na takwimu za masoko ya samaki. Umberto D'Ancona alichambua takwimu za masoko ya bahari ya Adria, akaona kwamba wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, uvuvi ulipopungua, sehemu ya papa na taa kwenye samaki waliouzwa iliongezeka. Alimpelekea swali hilo Vito Volterra, baba mzazi wa mchumba wake, na mwaka 1926 Volterra akachapisha milinganyo ya mla na mliwa inayoeleza kwa nini. Swali lilitoka sokoni, hesabu ikafuata.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoichukua modeli, yaani hesabu kama ile ya mwamba wetu, kama utabiri wa ramli na kuniuliza Tanga itakuwa na tani ngapi mwaka 2040. Modeli inajibu "ikiwa". Ikiwa boti ni 30, mwelekeo ni huu. Zikipunguzwa hadi 20, ni huu. Anayekupa tani za mwaka 2040 bila kukutajia "ikiwa" yake, usimlipe.

"Panda mikoko popote penye tope." Hapana. Kila mti una kina chake cha maji: mlilana na mchu hustahimili ukingo wa bahari, mkoko hukaa nyuma yao, mkandaa ndani zaidi. Miche ya mkoko ikichomekwa kwenye tope wazi linalofunikwa na maji muda mrefu hufa, na wakati mwingine tunaharibu majani ya bahari waliyokuwa wakilelewa humo samaki wachanga. Pengine penye mashamba ya chumvi yaliyoachwa kinachotakiwa ni kufungua tuta maji yaingie, mbegu zije zenyewe. Hesabuni miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, achaneni na idadi ya miche siku ya kupanda.

La mwisho ni la wenzangu wa masomo ya maendeleo, wanaoniandikia kwamba mali ya wote lazima iharibike, kwa hiyo ama serikali iichukue ama ibinafsishwe. Garrett Hardin aliandika hivyo mwaka 1968. Elinor Ostrom alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba jamii nyingi zimetunza misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi kwa vizazi, pale watumiaji wanapoweka kanuni wenyewe, mipaka ikajulikana, wakaguzi wakawajibika kwao na adhabu zikapanda hatua kwa hatua. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Wala hatuhitaji kwenda mbali: kuanzia mwaka 1994, mpango wa hifadhi na maendeleo ya pwani wa Tanga ulikaa na vijiji kupanga usimamizi wa miamba yao, ikiwamo kufunga baadhi yake. Kwa hiyo kwenye andiko lako, kabla ya safu ya injini, niandikie nani anaruhusiwa kuvua hapo, nani kutoka BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo na uvuvi) anakagua, anayeleta juya, wavu wa kukokota, anafanywa nini mara ya kwanza na mara ya tatu, na boti ya doria itapata wapi mafuta mfadhili akishaondoka.