Majitaka ya rangi za nguo: kuwa meupe si kutibiwa

Malalamiko kuhusu mitaro yenye maji ya bluu na meusi yameongezeka katika mabonde ya Dar es Salaam, na safari hii havitajwi viwanda vikubwa peke yake. Wanatajwa pia wenye karakana za batiki na wanaofua na kuchujisha jinzi kwa biashara. Kwa kuwa ukaguzi unaendelea, ni vizuri tuelewane mapema. Naandika nikiwa mkemia wa maji ninayeshughulikia maombi ya vibali, na naamini wengi wenu mnataka kufuata sheria.

Hoja ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Maji yetu yanatoka meupe, kosa liko wapi?" Kosa ni kudhani kwamba rangi ndiyo uchafu wenyewe.

Nili, ile rangi ya bluu ya jinzi, haiyeyuki katika maji. Ili iingie kwenye uzi, huchanganywa na kostiki (magadi makali) na haidrosalfaiti (unga unaoondoa oksijeni) katika maji ya moto. Hapo hugeuka manjano yenye ukijani na kuyeyuka. Nguo ikitolewa na kupata hewa, bluu hurudi na kubaki ndani ya nyuzi. Kila aliyechovya batiki kwa rangi za aina hii ameliona jambo hilo kwa macho yake. Basi ndivyo inavyokuwa hata kwenye majitaka: yakishapata hewa ya kutosha, nili hurudi kuwa chembechembe, nazo zinaweza kuzamishwa au kuchujwa. Vipo viwanda vya denimu duniani vinavyoinasa kwa chujio laini sana na kuirudisha kwenye pipa la kuchovyea. Kwa hiyo ile bluu inayowatisha majirani ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Vigumu ni visivyoonekana. Kostiki hupandisha pH ya maji ya kuchovyea, yaani kipimo cha utindikali na umagadi ambacho 7 ni katikati, hadi 11 au 12, kiwango kinachounguza matamvua ya samaki na mizizi ya mchicha. Mabaki ya haidrosalfaiti hunyonya oksijeni iliyomo mtoni kabla viumbe hawajaipata. Yakimaliza kazi hiyo hugeuka salfeti. Salfeti ikiingia kwenye bomba la majitaka lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa gesi ya harufu ya mayai yaliyooza, na gesi hiyo hatimaye huzaa tindikali inayokula zege la bomba. Rangi za pamba zinazoshikishwa kwa chumvi na magadi soda nazo zina tatizo lao: sehemu kubwa ya rangi haishiki na huondoka na maji ya suuza, pamoja na chumvi yote. Hata shabu, ile dawa ya kuzamishia uchafu wa maji, haiondoi chumvi hiyo. Nyingi ya rangi hizo ni za kundi la kemikali liitwalo azo, na baadhi yake zikivunjikia kwenye tope lisilo na hewa hutoa kemikali ziitwazo amini, zinazoweza kusababisha saratani.

Sasa tuzungumzie jiki. Nimeshaeleza mara nyingi na nitaeleza tena: kumimina jiki kwenye pipa la majitaka si kutibu. Klorini huvunja ile sehemu ya molekuli inayotoa rangi, jicho likaridhika, lakini vipande vinabaki majini, na vingine vimeshikana na klorini na kuwa vibaya zaidi. Vilevile kuongeza maji ya bomba hadi rangi ififie hakupunguzi hata gramu moja ya kinachoingia mtoni. Mnapoteza maji safi, basi.

Viwango vya taifa vya majitaka yanayoingia kwenye mazingira ni hivi: pH kati ya 6.5 na 8.5, BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) isizidi 60, chembechembe zinazoelea zisizidi 100, jotoridi kati ya nyuzi 20 na 35, na rangi isizidi 300 kwa TCU, kipimo cha ukolevu wa rangi ya maji. Tazameni hiyo ya mwisho. Maji yenye wekundu hafifu yanaweza kupita, na maji meupe yenye pH 11 yakakataliwa. Anayebishana na mkaguzi kwa kuinua chupa juani hajasoma viwango.

Kuhusu kibali. Majitaka yakielekea mtoni, kwenye mtaro au ardhini, kibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Nchi ina mabonde 9 ya maji, na Dar es Salaam iko bonde la Wami/Ruvu. Yakielekea kwenye mtandao wa majitaka, unahitaji ridhaa ya mamlaka ya maji yenye mtandao huo, na bado utatakiwa kuyatibu kwanza. Kibali cha kisima si kibali cha majitaka. Haya ni maombi mawili. Andaa makadirio ya ujazo wa majitaka kwa siku, orodha ya kemikali zote unazotumia pamoja na kiasi chake, mchoro wa eneo unaoonyesha maji yanapotokea na yanapoishia, maelezo ya njia ya kutibu, majibu ya maabara inayotambulika, na nyaraka za tathmini ya athari kwa mazingira pale mradi unapohusika. Sampuli ichukuliwe kwenye mdomo wa bomba la kutolea, siku ya kazi ya kawaida, na ifike maabara ikiwa kwenye barafu. Sampuli ya Jumapili wakati mapipa yamelala haina maana, nasi huigundua.

Asiyefuata anaweza kupewa amri ya kurekebisha, ya kusimamisha shughuli, au ya kurejesha mazingira kwa gharama zake. Akifikishwa mahakamani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka kwa kosa la uchafuzi faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote pamoja. Isome pamoja na marekebisho yake. Udogo wa karakana si utetezi, ingawa huzingatiwa katika muda wa kujirekebisha.

Kwa karakana ndogo, hatua ya kwanza haihitaji mtambo. Maji makali ya kuchovyea yasimwagwe kila siku. Yaongezwe rangi na dawa, yatumike tena. Maji ya suuza ya mwisho yawe ya suuza ya kwanza kwa nguo zinazofuata. Kinachobaki kikusanywe kwenye tangi moja, na vikundi vilivyo jirani vichangie tangi hilo.

Hapo ndipo shabu ina kazi. Chukua lita moja kwenye chupa angavu, koroga na hewa hadi ukijani uishe na maji yawe bluu tupu. Pima pH kwa karatasi; shabu hufanya kazi vizuri kati ya 6 na 7.5 hivi. Weka kiasi kidogo, koroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika 15, halafu acha nusu saa. Mabonge ya bluu yatazama na maji ya juu yatakuwa maangavu. Rudia kwa chupa kadhaa zenye vipimo tofauti upate kiasi kidogo kinachotosha. Kisha bado upime pH na BOD.

Tafadhali msishushe pH kwa tindikali ya betri. Tindikali ikikutana na haidrosalfaiti ambayo haijaisha nguvu hutoa gesi ya salfa inayobana pumzi, na kwenye majitaka ya rangi nyeusi ya salfa inaweza kutoka ile gesi ya mayai yaliyooza, ambayo ndani ya chumba kilichofungwa huua. Hewa kwanza, tindikali baadaye, kwa mkono wa aliyefunzwa.

Tope linalobaki chini likaushwe juu ya sakafu ya zege iliyoezekwa, liwekwe kwenye mifuko yenye maandishi, na likabidhiwe kwa msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Tunza stakabadhi, kwa sababu mkaguzi ataiomba.