Kitabu cha mtoto: mzazi aangalie nini zaidi ya "kiko salama?"

Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, kwa maelezo kwamba haviendani na maadili ya Kitanzania. Wazazi wengi walifurahi. Wengine walishtuka kujua watoto wao walikuwa wakivisoma muda wote huo. Sisi tunaohudumia watoto maktabani bado tunaulizwa swali lililozaliwa na tangazo lile: hiki kiko salama? Ni haki ya mzazi kuuliza. Shida ni kwamba mara nyingi haulizi kingine, basi anaondoka na kitabu kisicho na baya wala tamu, na mtoto anakiacha ukurasa wa tatu.

Vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza kutoka nje, na havikufika shuleni kwa muujiza. Mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye hamu ya kusoma akishamaliza hadithi fupi za darasa la nne, rafu ya Kiswahili inamkaukia. Wachapishaji wetu wanaishi kwa soko la shule. Hadithi isiyopata ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania kama kitabu cha ziada haina wanunuzi wa kutosha, kwa hiyo mwandishi anaandika akimwaza mkaguzi: mtoto mkaidi, balaa, majuto, funzo ukurasa wa mwisho. Watoto wanaijua njia hiyo kabla hawajafungua jalada.

Pamewahi kuwa na dawa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzipeleka shuleni. Mchapishaji akiwa na uhakika huo, hadithi zilitoka. Siku hizi kuna pia tovuti ya African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014, yenye hadithi za bure za Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Ubora wake haulingani, kwa kuwa yeyote anaweza kuandika, lakini kwa mtoto anayeanza kusoma zinafaa sana.

Wazazi wengine wakisikia kwamba kitabu kiwe na wahusika wa aina mbalimbali, wanahisi wanaletewa mila za watu. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 haihitaji kuagiza utofauti. Mtoto wa Kariakoo hajui mwenzake wa Ngorongoro anaamkia kazi gani, na wa Kilwa hajawahi kujiona kitabuni ila kama mvuvi maskini. Ukishika kitabu, tazama nani anaamua jambo ndani yake. Msichana anachota maji tu, au ndiye anayegundua mwizi? Mtoto mwenye ualbino yupo ili wenzake wajifunze huruma, au ana utani wake, rafiki zake na makosa yake? Mimi husema wazi kwamba kitabu kinachomleta mtoto mwenye ulemavu ili ahurumiwe tu ni kitabu kibovu, hata kama kila sentensi yake ni safi.

Na sentensi nazo zipimwe. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, pale pale dukani. Ukijikwaa mara kwa mara, huenda ni tafsiri ya haraka, na mtoto atajikwaa zaidi yako. Linganisha picha na maneno: shati jekundu ukurasa wa tano lisigeuke bluu ukurasa wa sita bila sababu. Geuza ukurasa wa hakimiliki uone kama mchoraji na mhariri wametajwa. Hapo hapo kuna namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu. Baada ya 978, tarakimu 9976 au 9987 ni za Tanzania, 9966 ni za Kenya, 9970 za Uganda. Namba hiyo haikuambii kitabu ni kizuri, ila inakuonyesha kimesajiliwa wapi.

Kwa vijana wa sekondari mambo ni magumu zaidi. Miongoni mwa vile 16 vilikuwamo vinavyozungumzia mwili na jinsia. Mzazi ana haki ya kusema hiki hakimfai mwanangu, na asiseme kwa kuangalia jalada. Asome sura mbili. Akikikataa, maswali ya kijana yanabaki pale pale, na simu itayajibu vibaya kuliko mwandishi yeyote. Tafuta kingine kinachoeleza mambo hayo kwa lugha unayoweza kuisoma mbele ya binti yako, na kama hakipo, mwambie muuza vitabu kwamba umekikosa. Wauzaji huagiza kinachoulizwa.

Kikao cha wazazi kijacho, yakishaisha ya michango na chakula, uliza shule ina vitabu vya ziada vingapi vya Kiswahili kwa darasa la tano kwenda juu, nani huvichagua, na kama watoto wanaruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Shule nyingi huvifungia kabatini visichakae.