Doriani, madafu na figo: maswali ninayoulizwa kila msimu

Kila msimu wa doriani huulizwa maswali yale yale, na kila msimu hupokea wagonjwa waliochelewa kwa sababu ile ile. Nafanya kazi ya uuguzi hapa Mombasa, na wengi ninaowahudumia wana presha, kisukari au figo zilizochoka. Tunda lenyewe sina ugomvi nalo. Ninachotaka kikome ni hiki: mgonjwa wa figo anakula doriani kwa imani kwamba tunda halimdhuru mtu, usiku anajisikia vibaya, anapewa madafu ati yamsafishe figo, kisha analazwa chumbani kungojea kupambazuke.

Doriani ni tunda gani?

Ni tunda kubwa la miiba, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki, pande za Borneo na Sumatra. Jina limetokana na neno la Kimalei *duri*, yaani mwiba. Kwetu hulimwa Unguja na Pemba, na watu wengi wa Mombasa hulionja mara ya kwanza wakienda huko au wakiletewa na jamaa. Asiyelijua na alifikirie fenesi lililo dogo, lenye miiba ya kuchoma mkono na nyama laini kama malai. Katika nyumba moja utamkuta mmoja ameziba pua na kutoka nje, na mwingine anaramba vidole.

Harufu ile si dalili ya sumu?

Hapana. Yatokana na kemikali zenye salfa, za jamii moja na zile zinazokipa kitunguu ukali wake. Singapore wamelikataza ndani ya treni za abiria kwa sababu ya harufu, si kwa sababu linaua. Lililoharibika utalijua kwa nyama iliyogeuka majimaji na kuchachuka. Hilo litupwe.

Asiye na maradhi ale kiasi gani?

Ale vipande viwili vitatu, aridhike. Gramu 100 za nyama yake zina kalori 147 hivi, wanga gramu 27 na mafuta gramu 5. Kwa hiyo lihesabuni kama chakula, wala msiliongeze juu ya sahani ya pilau.

Nina kisukari. Nionje?

Kuonja kipande kidogo si kosa, mradi upunguze wali au mkate wa mlo huo na upime sukari yako. Zile gramu 27 za wanga ni sawa na slesi mbili za mkate. Ninachokuomba usifanye ni kumeza vidonge maradufu ili "kufidia". Naliona hili mara kwa mara: mtu amekula tunda jioni, amejiongezea dawa, na usiku sukari imeshuka, anatoka jasho, anatetemeka, anapoteza fahamu. Dozi haibadilishwi jikoni.

Nina ugonjwa wa figo. Nionje?

Usile. Anayesafishwa damu kwa mashine (dialisisi) asile kabisa. Ambaye figo zimepungua nguvu lakini hajafika huko, asiliguse kabla ya kumuuliza daktari anayemtibu na kuonyeshwa majibu yake ya damu.

Sababu ni potasiamu. Hii ni madini ambayo mwili unayahitaji, na misuli na moyo hufanya kazi kwayo. Ikizidi, hutoka kwa mkojo kupitia figo. Figo zikishindwa, haina pa kutokea. Hubaki katika damu ikipanda, na ikipanda sana huuvuruga moyo mpaka ukasimama. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya 3.5 na 5 hivi kwa vipimo vya milimoli kwa lita. Ikifika 6.5 hiyo ni dharura.

Sasa tupige hesabu. Gramu 100 za doriani zina potasiamu miligramu 430 na ushei. Fenesi nalo halipishani na doriani sana. Wagonjwa wengi wanaosafishwa damu huambiwa wasipite miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku nzima, kwa vyakula vyote pamoja. Aliyekula gramu 300 za doriani, na hizo huliwa bila mtu kujijua maana tunda ni tamu, ameshaingiza karibu 1,300 kwa kikao kimoja.

Lakini ni tunda, Mungu kaliumba, halina chumvi wala sukari ya dukani. Litadhuru vipi?

Hili ndilo nalisikia zaidi, na mara nyingi lasemwa na mama au bibi aliyempikia na kumlisha mgonjwa wake kwa mapenzi. Mama yangu, nakuheshimu, lakini nisikilize. Mungu aliyeumba doriani ndiye aliyeumba figo ziwe mlango wa kutolea kilichozidi. Mlango umeziba. Unachokiingiza, kitokee wapi? Potasiamu ya mtini na potasiamu ya dawa ni ile ile, na damu haiulizi imetoka wapi. Kwa mgonjwa wa figo, tunda LINAWEZA kuua.

Na madafu? Si yanasafisha figo?

Hayasafishi. Narudia: madafu hayasafishi figo zilizoshindwa. Kwa mtu mzima wa afya aliyetoka juani, dafu ni kinywaji kizuri. Lakini maji ya dafu yenyewe yamejaa potasiamu, miligramu 250 hivi katika mililita 100. Nusu lita ni 1,250. Mwaona basi kinachotokea: mtu amelemewa na doriani, na dawa anayopewa ni mzigo mwingine unaokaribia kuwa sawa na ule wa kwanza, tena wa maji, unaoingia upesi. Anayekwambia dafu lasafisha figo anakupenda, lakini amekosea, na kosa hilo nimeliona likimfikisha mtu kitanda cha dharura.

Mgonjwa amekwisha kula. Dalili za hatari ni zipi?

Miguu kuwa mizito au kulegea, ganzi mdomoni na vidoleni, moyo kudunda ovyo au polepole kupita kiasi, kichefuchefu, pumzi kuwa fupi, kizunguzungu. Wapo wasiosikia lolote mpaka moyo unapovurugika. Kwa hiyo anayesafishwa damu, akila doriani au fenesi la kushiba, aende akapimwe hata kama hajisikii mgonjwa. Hatari huwa kubwa zaidi katika kile kipindi kirefu kati ya kusafishwa mara moja na mara ya pili.

Imeanza saa tatu usiku. Tungoje asubuhi?

MSINGOJE. Hata kama zamu yake ya kusafishwa ni kesho saa moja asubuhi, msingoje. Hata kama amelala na anaonekana ametulia, msingoje. Kulegea si usingizi. Hata kama gari hakuna, amsheni jirani. Aliye Likoni akumbuke kuna kivuko mbele yake, basi atoke mapema badala ya kukaa akiangalia saa.

Nilimpokea mzee aliyeanza kulegea miguu baada ya chakula cha usiku, akaletwa jua limeshapanda. Watoto wake walidhani wanamhurumia kwa kumwacha apumzike. Usiku ule ule tungempima damu na umeme wa moyo, tukamdunga sindano ya kalisi ya kuukinga moyo, tukampa insulini pamoja na glukosi ya kusukuma potasiamu iingie ndani ya chembe, kisha akasafishwa damu. Dawa hizi hufanya kazi vizuri, ila zinamhitaji mtu ambaye moyo wake bado unapiga.

Mimi sina ugonjwa wa figo, nina presha tu. Yanihusu?

Yaweza kukuhusu. Dawa za presha kama enalaprili, losartani na spironolaktoni huifanya potasiamu ibaki mwilini. Kula kiasi, na uulize kliniki lini ulipimwa figo mara ya mwisho. Wapo walioishi na presha miaka kumi na hawajawahi kupimwa. Chumvi mbadala nazo, zile za "wenye presha", nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

Na aliyekunywa pombe?

Asichanganye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japan, walionyesha maabarani mwaka 2009 kwamba maji ya doriani hukizuia kimeng'enya kinachovunja sumu ya pombe.

Basi mgonjwa wa figo akitamani tunda?

Kipande kidogo cha nanasi au nusu tufaha vina potasiamu ndogo kuliko doriani na fenesi. Kiasi chake ataambiwa na mtaalamu wa lishe wa kitengo anachosafishwa.

Tukifika hospitalini tuseme nini?

Msianze na "ana homa" wala "amechoka tu". Pale mlangoni semeni: ni mgonjwa wa figo, amesafishwa mara ya mwisho siku fulani, amekula doriani kiasi hiki saa fulani, amekunywa madafu, na dawa zake ni hizi. Mzibebe dawa zenyewe kwenye mfuko. Na msifiche habari ya tunda kwa kuogopa kufokewa na muuguzi, maana hiyo ndiyo itakayotufanya tumpime potasiamu kabla ya kitu kingine chochote.