Kwa Nini Lori Linasimama Wakati Ushuru ni Sifuri: Uingereza Nje ya Umoja wa Ulaya

Watu wengi wakiuliza kutoka Umoja wa Ulaya kumeigharimu nini Uingereza, hudhani jibu ni ushuru. Si ushuru. Mkataba wa biashara uliofikiwa tarehe 24 Desemba 2020, wiki moja kabla ya kwisha kwa kipindi cha mpito ambacho Uingereza, ikiwa imeshatoka Januari 2020, iliendelea kufuata sheria za Ulaya, uliuacha ushuru wa bidhaa kati ya pande mbili kuwa sifuri, tena bila kikomo cha kiasi. Hata hivyo Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti ya Uingereza, chombo huru kinachofanya makadirio rasmi ya uchumi, imeshikilia kwa miaka kadhaa kwamba uagizaji na uuzaji wa nchi hiyo nje utakuwa chini kwa asilimia 15 kuliko kama ingebaki, na tija ya uchumi chini kwa asilimia 4 baada ya muda mrefu.

Mimi ni wakala wa forodha, na sehemu kubwa ya mizigo inayopita mezani pangu ni mazao mabichi yanayokwenda Ulaya. Nataka kueleza asilimia hizo zinatoka wapi, kwa sababu zinatoka mahali ninapopajua vizuri: kwenye nyaraka.

Kuna mambo mawili ambayo mijadala mingi huyachanganya. Umoja wa forodha maana yake ni kwamba nchi wanachama zinatoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje, na bidhaa ikishalipiwa kwenye lango la kwanza inazunguka ndani bila kuulizwa tena. Soko la pamoja linakwenda mbali zaidi: viwango ni vimoja, na ukaguzi uliofanywa na mwanachama mmoja unakubaliwa na wote. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Norwe imo ndani ya soko la pamoja lakini nje ya umoja wa forodha, kwa hiyo malori yanayovuka kutoka Uswidi bado yanatoa tamko la forodha. Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya kwa bidhaa nyingi za viwandani lakini haimo kwenye soko la pamoja, na foleni za malori kwenye mpaka wake na Bulgaria zinajulikana.

Uingereza ilitoka kote kuwili. Karatasi ya kura ya tarehe 23 Juni 2016 haikuuliza hilo. Iliuliza kubaki au kutoka, na asilimia 51.9 wakasema kutoka. Uamuzi wa kuacha soko la pamoja na umoja wa forodha kwa mpigo ulitangazwa na Waziri Mkuu Theresa May Januari 2017, na kwa maoni yangu huo ndio uliotengeneza sehemu kubwa ya gharama, kuliko kura yenyewe. Nchi ingeweza kutoka kwenye Umoja na kubaki karibu, kama Norwe. Ilichagua kusimama mbele ya forodha kama nchi nyingine yoyote ya nje, yenye punguzo la ushuru mkononi.

Chukua lori la samaki kutoka Uskoti. Kabla ya 2021, kamba na kaa walioshushwa gatini walipakiwa jioni na kufika Boulogne-sur-Mer, soko kubwa la samaki kaskazini mwa Ufaransa, siku iliyofuata. Lori lilibeba ankara na hati ya usafirishaji, basi. Tangu Januari 2021 mzigo uleule unahitaji tamko la forodha la kutoka Uingereza, hati ya uvuvi inayothibitisha kwamba samaki walivuliwa kihalali, cheti cha afya kilichotiwa saini na daktari wa mifugo au afisa mwenye idhini, taarifa ya mapema kwa mamlaka za Ufaransa, tamko la kuingia Ufaransa, na ukaguzi kwenye kituo cha mpakani chenye maafisa wa mifugo.

Kila moja ya hizo ina gharama yake, lakini gharama kubwa haionekani kwenye ankara. Wavuvi wadogo hawajazi lori peke yao. Lori moja hubeba mizigo ya wauzaji wengi, na kila mzigo una nyaraka zake. Jina la Kilatini la samaki likikosewa kwa muuzaji mmoja, au uzito kwenye cheti usipolingana na uzito kwenye tamko, lori zima linasimama. Kamba hai hawasubiri. Wakifika wamechelewa, mnunuzi anakata bei au anakataa mzigo, na hasara inawapata hata wale ambao karatasi zao zilikuwa safi. Mwezi huo wa kwanza hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba tarehe 18 Januari 2021 malori ya wauza samaki yaliingia katikati ya London kuandamana karibu na ofisi ya Waziri Mkuu, na serikali ikatenga pauni milioni 23 za kuwafidia.

Waliofuga kome na chaza waliumia zaidi. Maji ya pwani huwekwa kwenye madaraja kwa usafi, na kome kutoka daraja la pili lazima wasafishwe kabla ya kuliwa. Uingereza ikiwa mwanachama, kome hao walipelekwa wakiwa hai na kusafishwa Ulaya. Kwa nchi ya nje hilo haliruhusiwi. Lazima wasafishwe kwanza. Ulaya haikutunga sheria mpya ya kuwakomoa. Sheria ilikuwepo siku zote, na Uingereza ilikuwa mezani ilipokuwa ikitumika kwa wengine. Wafugaji waliojenga biashara ya miaka mingi kwa kutegemea soko hilo walijikuta upande wa pili wa mstari.

Halafu kuna uasili wa bidhaa, eneo ambalo hata wafanyabiashara wazoefu hujikwaa. Ushuru sifuri ni kwa bidhaa iliyotengenezwa Uingereza au Ulaya, si kwa bidhaa yoyote inayotoka huko. Januari 2021 kampuni moja kubwa ya maduka ya Uingereza ilieleza hadharani tatizo la peremende zake: zinatengenezwa Ujerumani, zinaingia Uingereza bila ushuru, kisha zinapelekwa kwenye maduka yake ya Ireland, na hapo zinadaiwa ushuru. Uingereza hazikufanyiwa chochote zaidi ya kuwekwa ghalani, kwa hiyo si bidhaa za Uingereza, na kwa kuwa zilishatoka Ulaya zimepoteza hadhi ya Ulaya kwa safari ya kurudi. Msambazaji yeyote aliyekuwa na ghala moja Uingereza la kuhudumia pande zote alilazimika kufungua la pili ng'ambo, au kuacha wateja wa ng'ambo.

Kampuni kubwa zilifungua. Zina idara za forodha, wanasheria, na mizigo mingi ya kugawana gharama. Ada ya cheti kwa kontena arobaini si kitu. Ada ileile kwa maboksi sita ya jibini inakula faida yote. Wengi wa wadogo hawakufilisika, waliacha tu kuuza Ulaya. Habari zao hazifiki magazetini, kwa maana hakuna kilichofungwa na hakuna aliyefukuzwa kazi siku moja. Kwangu mimi hilo ndilo linalouma zaidi katika hadithi yote hii, kwa sababu mfanyabiashara mdogo ndiye aliyekuwa akifaidi zaidi mpaka usiouliza maswali.

Upande wa mizigo inayoingia, Uingereza yenyewe haikuwa tayari. Iliahirisha ukaguzi wa vyakula na mimea kutoka Ulaya mara tano. Vyeti vilianza kudaiwa mwishoni mwa Januari 2024, na ukaguzi wa mizigo yenyewe tarehe 30 Aprili 2024, zaidi ya miaka minne baada ya nchi kutoka. Mizigo ya Dover inakaguliwa Sevington, karibu na Ashford, kilomita zipatazo 35 kutoka bandarini, na mwagizaji alitozwa hadi pauni 145 kwa shehena, hata isipofunguliwa.

Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, ni suala la uhai wa watu, na wanasiasa wengi waliligusa kwa wepesi usiostahili. Mpaka kati yake na Jamhuri ya Ireland una urefu wa karibu kilomita 500 na vivuko zaidi ya 200. Kuna mashamba yaliyokatwa katikati na mpaka huo. Katika machafuko yaliyodumu miaka thelathini waliuawa watu zaidi ya 3,500, na vizuizi vya mpakani vilikuwa miongoni mwa shabaha. Mkataba wa amani wa 1998 uliwezekana kwa sehemu kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya na mpaka haukuwa na kazi ya kufanya. Sasa soko mbili zenye sheria tofauti zinapokutana, ukaguzi lazima uwe mahali fulani. Hakuna aliyethubutu kuurudisha nchi kavu, kwa hiyo uliwekwa baharini: Ireland Kaskazini ilibaki na sheria za Ulaya za bidhaa, na bidhaa zinazotoka Uingereza bara kwenda huko, ndani ya nchi ileile, zikaanza kutolewa tamko.

Chama cha DUP, kinachotetea muungano na Uingereza, kilijitoa kwenye serikali ya jimbo hilo mjini Belfast Februari 2022 kwa sababu hiyo, na jimbo likakaa miaka miwili bila serikali kamili. Makubaliano ya Windsor ya Februari 2023 yalipunguza makali: njia ya kijani kwa bidhaa zinazobaki Ireland Kaskazini, njia nyekundu kwa zinazoweza kuvuka kwenda Ulaya. Ndiyo maana leo ukinunua maziwa au nyama kwenye duka la Belfast utaona lebo inayosema bidhaa hiyo si ya kupelekwa Umoja wa Ulaya. Mpaka umehamia kwenye chupa ya maziwa.

Na sisi tuliguswa. Kenya ilikuwa inauza maua na mboga Uingereza bila ushuru kwa mpango wa Ulaya. Uingereza ilipotoka, mpango huo haukuifuata. Majirani wa Kenya katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa kwenye kundi la nchi maskini zaidi, walikuwa na msamaha wao. Kenya haimo kwenye kundi hilo, na maua yake yangetozwa asilimia 8 kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Ikatia saini mkataba wake yenyewe London tarehe 8 Desemba 2020, bila wenzake, jambo lililoacha maswali ndani ya Jumuiya ambayo yenyewe ni umoja wa forodha. Sikuona njia nyingine kwa Kenya. Kwa hesabu za serikali ya Uingereza wakati huo, soko hilo lilikuwa likichukua asilimia 43 ya mboga zote ambazo Kenya inauza nje.

Mkataba ulilinda maua yanayokwenda moja kwa moja. Lakini maua mengi ya Naivasha huuzwa kwanza kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, yanachanganywa na mengine, yanafungwa upya, ndipo mengine yanavuka kwenda Uingereza. Zamani hiyo ilikuwa safari ya ndani ya soko moja. Baada ya kutoka, shada likishaingizwa rasmi Uholanzi na kuchanganywa, haliwezi tena kudai kwamba limetoka Kenya moja kwa moja, na asilimia 8 inarudi. Aprili 2024 Uingereza ilisimamisha ushuru wa maua yaliyokatwa kutoka popote hadi tarehe 30 Juni 2026. Ilikuwa nafuu ya kweli, lakini nafuu ya muda inayotolewa na kuondolewa na upande mmoja si kitu cha kupandia shamba jipya la waridi.

Zipo faida, na ni haki kuzitaja. Mwaka 2025 Marekani ilipoziwekea nchi ushuru mpya, Uingereza ilipata asilimia 10 kwa bidhaa nyingi wakati Umoja wa Ulaya ulipata 15. Iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike tangu Januari 2021. Inaweza kujadili mikataba yake, na mwishoni mwa 2024 ilijiunga na ule wa nchi za Pasifiki, ingawa serikali yenyewe ilikadiria utaongeza chini ya asilimia 0.1 ya pato la taifa baada ya muda mrefu. Jiografia haibadiliki: soko kubwa la Uingereza liko umbali wa kivuko kimoja. Kuhusu uhamiaji, ambao uliwasukuma wengi kupiga kura, raia wa Umoja wa Ulaya walipungua, lakini jumla halisi ya waliohamia, yaani walioingia ukitoa waliotoka, ilipita 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, kwa viza ambazo Uingereza ilizitoa kwa hiari yake kwa wahudumu wa wazee, wauguzi na wanafunzi kutoka India, Nigeria, Zimbabwe na kwingineko.

Tarehe 19 Mei 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza Keir Starmer na Rais wa Tume ya Ulaya Ursula von der Leyen walikubaliana London kujadili mkataba wa afya ya vyakula na mimea. Ukikamilika, cheti cha afya cha lori la samaki kitaondoka, na sehemu kubwa ya ukaguzi pia. Kwa upande wake Uingereza itafuata sheria za Ulaya za vyakula kila zinapobadilika, bila kuzipigia kura, na mahakama ya Ulaya ndiyo itakayokuwa na neno la mwisho kuhusu tafsiri yake. Vilevile imekubali vyombo vya Ulaya viendelee kuvua kwenye maji yake hadi 2038. Tamko la forodha na uasili wa bidhaa vitabaki, kwa sababu serikali ya Starmer ilikataa kurudi kwenye umoja wa forodha.

Kwa wakulima wetu kuna jambo la kushika mapema. Tangu 2021 Uingereza na Ulaya zinaweka viwango vyao vya mabaki ya dawa kila upande kivyake, na vimeanza kuachana. Mkataba huo ukipita, cha Ulaya kitatumika kote. Anayelima mishiri (maharagwe machanga ya kijani) Kirinyaga au parachichi Murang'a na kuuza London pekee asingoje tangazo. Apitie orodha ya dawa zake sasa na mtaalamu wa mimea, apime kwa kiwango cha Ulaya, na aweke kumbukumbu za unyunyiziaji msimu hadi msimu, maana hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.