Bendi za baa Mtwara: wateja hawajauchoka muziki

Husemwa kuwa baa za Mtwara na Lindi zimeacha bendi kwa sababu watu hawapendi tena muziki wa laivu. Si kweli. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malipo ya mnada yakiingia, bendi zilezile huitwa tena. Kinachoziangusha ni hesabu: DJ ni mtu mmoja na kompyuta, bendi ya watu wanane inadai nauli, chakula na usafiri wa vyombo. Halafu sauti, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Spika zikiwa nyuma ya mwimbaji, maiki inanasa sauti ya spika, nazo zinapiga mluzi. Fundi anapunguza sauti ya maiki, ngoma zinamfunika mwimbaji, wateja wanahamia meza za nje. Spika zisogezwe mbele ya maiki, zielekee wateja, na sauti ijaribiwe kabla watu hawajaingia.